Nyumba ya Kukodi kwa Usiku Nchini Kenya: Kibali Kipi, cha Nani, na Kipi Kitangulie

Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi katika muda usiozidi wiki mbili, wote ndani ya nyumba zilizokodiwa kwa muda mfupi. Serikali ikatangaza kwamba kila anayepokea wageni wa namna hiyo lazima asajiliwe. Tangu hapo swali ni moja kwenye vikundi vya WhatsApp vya wenye nyumba: leseni ya Airbnb inatolewa wapi? Majibu nayo yanagongana. Huyu anasema kibali cha kaunti kinatosha, yule anasema lipa ushuru KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) ulale, na wa tatu anashikilia kwamba sheria bado haijatungwa.

Sheria ipo, tena ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kinachokosekana ni karatasi moja yenye jina "leseni ya Airbnb". Kuna afisi kadhaa, kila moja ina swali lake, na kujibu swali la afisi moja hakukuondolei swali la nyingine. Mkanganyiko mwingi unaanzia hapo.

Tuanze na maneno. Nyumba ya kukodi kwa muda mfupi ni nyumba au chumba chenye samani kinachotozwa kwa usiku au kwa wiki, ambamo mgeni anaingia na begi lake tu na kukuta shuka, taulo, sufuria na intaneti. Mwenyeji ni yule anayempokea mgeni na pesa zake. Anaweza kuwa mwenye nyumba, mpangaji aliyeruhusiwa kupangisha, au msimamizi anayeendesha nyumba za watu wengine. Jukwaa ni Airbnb, Booking.com na programu nyingine za aina hiyo, ambazo kazi yake ni kuwakutanisha mgeni na mwenyeji. Usajili ni jina lako kuingia katika daftari la afisi fulani. Leseni ni ruhusa ya kufanya jambo ambalo bila ruhusa hiyo ni kosa. Ushuru unakwenda KRA. Tozo ya utalii haiendi huko.

Mtu akinunua gari la kubebea familia yake, hati ya umiliki, bima ya kawaida na leseni yake ya udereva vinamtosha. Siku atakayoamua kulifanya matatu, atahitaji leseni ya PSV, yaani ya gari la abiria, bima ya abiria, ukaguzi na uanachama wa sacco. Gari ni lilelile na barabara ni ileile, ila sasa anabeba watu asiowajua kwa nauli. Ndivyo ilivyo kwa nyumba. Hatimiliki inathibitisha kwamba nyumba ni yako. Haisemi kwamba unaruhusiwa kulaza wageni kwa malipo.

Kwa nini afisi ni nyingi

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliigawa kazi hii mara mbili. Sera ya utalii imebaki kwa serikali ya kitaifa, na leseni za biashara pamoja na utalii wa mashinani zikaenda kwa kaunti. Kwa hiyo nyumba moja Nyali au Kilimani inakaguliwa na serikali mbili kwa wakati mmoja, na kila moja ina mamlaka halali. Askari wa kaunti akikuuliza kibali, huwezi kumwonyesha leseni ya kitaifa ukadhani umemaliza. Kinyume chake ni vilevile.

Upande wa kitaifa, msingi ni Sheria ya Utalii ya 2011, iliyoanza kutumika Septemba 2012 na kufuta sheria ya zamani ya hoteli na mikahawa. Ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA. (Msomaji wa Tanzania asichanganye: kwake TRA ni Mamlaka ya Mapato. Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni umeharibika kwa sababu ya herufi hizo tatu.) Jedwali la Tisa la sheria hiyo linaorodhesha biashara zinazohitaji leseni ya utalii, na orodha haiishii kwenye hoteli na loji. Imetaja pia nyumba za wageni, villa, nyumba ndogo za likizo na nyumba zinazopangishwa pamoja na huduma. Huko Watamu na Diani, villa zilikuwa zikikodishwa kwa wiki miaka mingi kabla ya programu za simu, na walioandika sheria walilijua hilo. Anayesema Airbnb haijatajwa kwenye sheria yuko sahihi kuhusu jina la kampuni. Kuhusu biashara yenyewe amekosea.

Haki ya kutumia nyumba ndiyo ya kwanza

Wengi wanakimbilia leseni kabla ya kujiuliza kama nyumba yenyewe inaruhusu, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Mtu anapanga nyumba ya chumba kimoja, anaijaza samani za laki tatu, halafu mwezi wa pili mlinzi wa lango anaambiwa na kamati ya jengo asimwingize mgeni yeyote. Angeyasoma makubaliano yake, angekuta katazo.

Ukiwa mpangaji, soma kifungu cha kupangisha upya. Mikataba mingi ya Kenya inakataza kumpangishia mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Ruhusa ya mdomo, hata ile ya "hakuna shida, bora kodi iingie," haitakusaidia nyumba ikiuzwa au wakala akibadilishwa. Omba barua inayotaja namba ya nyumba, inayosema waziwazi kwamba wageni wa muda mfupi wanaruhusiwa, na inayoonyesha tarehe ya mwisho ya ruhusa hiyo.

Ukiwa mmiliki wa nyumba ndani ya ghorofa, tafuta kanuni za shirika la wamiliki. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa vitengo vya majengo inawapa wamiliki shirika lenye kanuni zinazowabana wote. Kanuni zikiwa zimekataza wageni wa muda mfupi, au zimeweka utaratibu wa kuwaandikisha langoni, umiliki wako haukutoi humo. Waulize kabla ya kununua.

Halafu kuna matumizi ya ardhi. Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, kubadili matumizi ya jengo kunahitaji idhini ya kaunti. Mwenye chumba kimoja ndani ya ghorofa ya makazi huenda asisumbuliwe. Aliyechukua bangaloo nzima Lavington au Karen, akaigawa vyumba vinane na kuweka mapokezi, ameifanya nyumba ya wageni kwenye kiwanja cha makazi. Majirani wakilalamika, kaunti itaanza kwa kuuliza idhini hiyo.

Mpangilio wa karatasi

Msingi huo ukishasimama, karatasi zinafuatana. Zifuate hivi, kwa kuwa kila afisi huomba kilichotolewa na iliyotangulia.

Anza na jina la biashara au kampuni katika Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kufanya biashara kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho hakukulazimishi kusajili jina jingine, lakini ukiita nyumba yako "Bahari Breeze Stays", jina hilo lisajiliwe. Hakikisha namba ya KRA (PIN) inalingana na jina lililosajiliwa: ya kampuni kwa kampuni, yako binafsi kwa biashara ya mtu mmoja.

Halafu nenda kaunti. Nairobi, tangu 2023, imeunganisha vibali vilivyokuwa vikilipiwa kimoja kimoja (biashara, zimamoto, afya, matangazo) kuwa kibali kimoja cha biashara. Kaunti nyingine zina mpangilio wao, na ada hutegemea aina ya biashara, ukubwa na eneo. Kuwa mwangalifu na aina ya biashara unayochaguliwa. Ukiandikishwa kama wakala wa nyumba au nyumba ya kupangisha, kwa kuwa ada yake ni nafuu, karatasi utakayoipata haitasema malazi ya wageni. Afisa wa utalii akiisoma, ni kama huna kibali. Na kibali cha biashara hufuata mahali: nyumba tatu katika majengo matatu ni mahali patatu.

Mkaguzi wa zimamoto anataka kuona vitu, si ahadi. Weka kizima moto kilichofanyiwa huduma ndani ya mwaka, kikiwa na lebo yenye tarehe, karibu na jiko lakini si juu yake, maana moto wa jikoni ndio utakaokuzuia kukifikia. Blanketi la moto ni bei ndogo na linafaa zaidi kwa mafuta ya kukaangia. Kama madirisha yana grili, liwepo moja linalofunguka kwa ndani, na ufunguo wake uning'inie mahali mgeni atauona usiku taa zikizimika. Bandika namba za dharura na ramani ya njia ya kutokea nyuma ya mlango. Mtungi wa gesi ukae penye hewa, mpira wake usiwe na nyufa. Ukimpikia mgeni kifungua kinywa kwa malipo, umeingia katika usafi wa chakula, na wanaogusa chakula watahitaji vyeti vya afya.

Sasa ndipo TRA, na maombi yake nayo yanafanyika mtandaoni. Andaa cheti cha usajili wa biashara, PIN, kibali cha kaunti, ushahidi wa haki ya kutumia nyumba, na kitambulisho cha mwenye biashara. Raia wa kigeni awe na kibali cha kufanya kazi au biashara. Utembelewe na mkaguzi au la, iandae nyumba kana kwamba anakuja kesho.

Maombi mengi hukwamia mahali padogo. Hatimiliki ina jina la mama, kibali kina jina la mtoto, PIN ni ya kampuni ya ndugu. Au namba ya kiwanja kwenye kibali haifanani na ile ya hati kwa sababu karani aliandika jina la mtaa badala ya namba. Afisa hana njia ya kujua kwamba hao wote ni familia moja. Andika mkataba wa pango kati ya mama na biashara yako, hata kwa kodi ndogo, ili mnyororo usomeke kuanzia hati hadi leseni.

Tozo ya utalii

Mwenyeji mwenye leseni ya TRA anaweza bado kudaiwa na Hazina ya Utalii. Ni taasisi nyingine, iliyoundwa na sheria hiyohiyo, na inakusanya asilimia 2 ya mapato ghafi ya malazi na huduma. Tozo hii si geni: imekuwepo tangu miaka ya 1970, na ndiyo iliyogharimia Chuo cha Utalii pale Nairobi. Malipo ya mwezi hufanywa kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Mwenye nyumba ndogo asijitoe mwenyewe kwenye hesabu kwa kusikia kwamba wadogo wamesamehewa. Aandikie Hazina, apate jibu la maandishi, alihifadhi.

Ushuru: wewe ni mwenye nyumba au mwenye malazi?

Swali hili linawachanganya hata wahasibu wazuri. Kenya ina ushuru wa kodi ya nyumba za makazi, ule unaoitwa MRI. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi ghafi, kwa mkazi wa Kenya anayepokea kati ya Sh288,000 na Sh15,000,000 kwa mwaka. Ni rahisi kulipa, kwa hiyo wenyeji wengi wa wageni wa usiku huulipa na kuona wamemaliza.

Lakini soma Sheria ya VAT, ushuru wa ongezeko la thamani. Inasamehe upangishaji wa nyumba za makazi, na papo hapo inaeleza kwamba hoteli na malazi ya likizo hayahesabiwi kuwa makazi. Kwa maoni yangu, mwenyeji anayetoza kwa usiku, anayefua shuka na kupokea wageni wapya kila wiki anaendesha biashara ya malazi, na ni salama kujihesabu hivyo kuanzia mwanzo. Kusubiri KRA ikuambie baada ya miaka mitatu ni kukaribisha adhabu na riba juu ya deni.

Tuchukue namba. Nyumba moja inatozwa Sh4,000 kwa usiku na inapata wageni usiku 18 kwa mwezi. Hiyo ni Sh72,000 kwa mwezi, Sh864,000 kwa mwaka. Kama biashara, kiasi hicho hakijafika Sh1,000,000 ambapo ushuru wa mauzo, TOT, unaanza, kwa hiyo mwenyeji anawasilisha hesabu za mwaka kufikia Juni 30 na kulipa ushuru wa kawaida juu ya faida. Akiwa na nyumba mbili za namna hiyo, mauzo ni Sh144,000 kwa mwezi, yaani Sh1,728,000 kwa mwaka. Sasa yuko ndani ya TOT ya asilimia 3: Sh4,320 kwa mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tozo ya utalii ya asilimia 2 kwa mauzo hayo ni Sh2,880. Akifikisha nyumba sita, mauzo ya mwaka ni Sh5,184,000, na amevuka Sh5,000,000 inayomlazimu kusajiliwa kwa VAT ya asilimia 16. Bei aliyotangaza inabidi ibadilike kabla ya siku hiyo, la sivyo asilimia hizo zitatoka mfukoni mwake.

TOT inakatwa kwenye mauzo yote, bila kutoa umeme, sabuni wala mshahara wa anayesafisha. Mwenye gharama kubwa, hasa anayelipa kodi kwa mwenye nyumba, apige hesabu kama angefaidika zaidi kwa kuiandikia KRA kwamba anataka ushuru wa kawaida wa faida. Akichagua huko, stakabadhi za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ni lazima. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na stakabadhi ya eTIMS hukataliwa katika hesabu. Fundi bomba aliyelipwa kwa M-Pesa bila stakabadhi ni gharama ambayo KRA haitaitambua.

Mwenyeji anayeishi ughaibuni, awe Doha, London au Dallas, asiichukue MRI kama yake. Ni ya wakazi wa Kenya kwa maana ya kiushuru. Asiye mkazi ana utaratibu mwingine, na kodi ya pango inayolipwa kwake hukatwa asilimia 30 na anayelipa.

Hoja nyingine inayorudiwa ni kwamba jukwaa linakata ushuru tayari. VAT unayoiona kwenye ada ya huduma ya jukwaa ni ushuru wa huduma ya jukwaa lenyewe. Haigusi mapato yako hata kidogo.

Daftari la wageni na kamera

Baada ya Januari 2024 msisitizo wa usalama ulikuwa kumjua anayeingia. Daftari linalofaa lina jina kamili, namba ya kitambulisho au pasipoti, simu, idadi ya watu wanaolala, saa ya kuingia na ya kutoka. Aliyelipa asikuandikie wageni wake kwa jina lake peke yake. Kila mtu mzima anayelala humo aonekane. Linganisha uso na kitambulisho mlangoni. Mlango kufunguliwa kwa namba ya siri bila mtu kumwona mgeni ndiko kulikowatia watu wasiwasi.

Lakini taarifa hizo sasa ni jukumu lako kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kanuni zake za 2021 zinasamehe biashara ndogo (zenye mauzo chini ya Sh5,000,000 na wafanyakazi wasiofika kumi) kusajiliwa kwa Kamishna wa Data, ila kuna orodha ya shughuli zisizopata msamaha huo hata zikiwa ndogo. Kampuni za ukarimu zimo, na kuendesha kamera za usalama kumo pia. Kwa biashara ndogo ada ya kujisajili ni Sh4,000, na cheti hudumu miezi 24. Wenyeji wengi hawajawahi kusikia hatua hii.

Kwa vitendo: picha za vitambulisho zisizunguke kwenye kikundi cha WhatsApp cha walinzi. Ziwe mahali pamoja penye nywila, na uweke muda wa kuzifuta. Kamera ya nje, inayotazama mlango au maegesho, iwe na tangazo linaloonekana. Ndani ya nyumba usiweke kabisa, hata sebuleni. Airbnb yenyewe ilipiga marufuku kamera za ndani duniani kote kuanzia Aprili 30, 2024. Usipakie sura za wageni kwenye kurasa za matangazo bila idhini yao: mwaka 2023 Kamishna wa Data alikitoza klabu kimoja cha Nairobi Sh1,850,000 kwa kosa la namna hiyo.

Hofu ya kufungiwa

Wengine wanakwepa usajili wakiamini kwamba unaandaa marufuku, kwa kuwa wamesikia ya miji mingine. New York, tangu Septemba 2023, haimruhusu mwenyeji kupokea mgeni kwa chini ya siku 30 bila kujisajili na jiji, kukaa naye nyumba moja, na kutozidisha wageni wawili. London inaweka kikomo cha usiku 90 kwa mwaka kwa nyumba nzima isiyo na idhini ya mipango. Barcelona imetangaza kutohuisha leseni za nyumba za watalii kufikia Novemba 2028. Miji hiyo inapambana na uhaba wa nyumba za wakazi, na sheria zake zimepimwa kwa tatizo hilo. Sheria ya Kenya haijaweka kikomo cha usiku wala haimlazimishi mwenyeji alale humo. Inamtaka awe na leseni, ajulikane, alipe, na nyumba iwe salama.

Ambaye tayari anapokea wageni bila karatasi asijaribu kufanya yote wiki moja. Wiki hii apate barua ya idhini na anunue kizima moto, kwa kuwa hivyo viwili vinamlinda mgeni aliyemo ndani leo. Kisha kibali cha kaunti chenye aina sahihi ya biashara, halafu TRA, Hazina ya Utalii na Kamishna wa Data. Kwa KRA, madeni ya miezi iliyopita ni nafuu zaidi yakiwasilishwa na mwenyewe kuliko yakitafutwa na afisa. Na aisome upya bima yake: sera nyingi za nyumba ya makazi hazilipi hasara iliyotokea nyumba ikitumika kibiashara, na wakala wa bima asipoambiwa kuhusu wageni wa usiku, hawezi kukuuzia ile inayofaa.